Kukereza mbao: vyombo vya kuanzia, na vile vinavyoweza kungoja



Kuna swali ambalo tunaulizwa karibu kila tunapotembelea vikundi vya ufundi: "Tunataka kujifunza kukereza mbao. Tununue nini?" Linatoka kwa vijana, kwa akina mama, na kwa wenyeviti wa kamati waliopata pesa kidogo na hawataki kuzitupa. Tutalijibu kwa urefu, kwa sababu tumeona pesa nyingi zikipotea katika jambo hili, zikiwemo zetu wenyewe.

Kukereza ni kazi ya mbao ambayo mti ndio unaozunguka, na chombo cha kukatia kinashikwa mkononi, kimetulia. Seremala anayepiga randa anafanya kinyume: mbao imelala, randa inakwenda. Kwa hiyo kila kitu chenye umbo la mviringo ni cha mkerezaji: miguu ya kiti na ya meza, miguu ya kitanda, mchi wa kutwangia sombe, mwiko wa bugali, mpini wa patasi, bakuli. Ni kazi ya zamani katika eneo letu la lugha. Mafundi wa Lamu na Siyu, huko pwani ya Kenya, walikuwa wakikereza miguu ya vitanda na kuipaka rangi kabla hata umeme haujafika popote Afrika. Mashine yenyewe inaitwa kerezo, na wengine husema keezo.

Tuanze na kosa letu. Miaka kadhaa iliyopita tulikipatia kikundi kimoja kerezo la umeme. Lilikuwa zuri, la chuma, zito. Umeme wa mtaa haukuwa wa kutegemea, kwa hiyo ikabidi jenereta, na jenereta ikataka mafuta. Baada ya miezi miwili, mwenye pesa za mafuta akawa ndiye mwenye mashine. Wengine wakawa wanakuja kuangalia. Wenyeji wakasema mashine imepewa wageni, wageni wakasema imeshikwa na wenyeji, na jambo lililoletwa ili watu wakae pamoja likawatenganisha. Mkanda ulipokatika hapakuwa na wa kubadilisha. Hatusemi umeme ni mbaya. Penye umeme wa kudumu, kwa mfano kutoka mtambo mdogo wa maji, na penye fundi wa kuitengeneza, mashine hiyo itafanya kwa saa moja kazi ya siku nzima. Lakini kwa anayeanza, na hasa kwa asiyejua atalala wapi mwaka ujao, tunashauri kerezo la mguu.

Kerezo la mguu linaweza kujengwa kwa siku mbili na seremala wa kawaida. Mbao mbili nene zinalazwa sambamba, na kati yao panaachwa nafasi kama ya upana wa vidole vitatu. Hicho ndicho kitanda cha kerezo. Katika nafasi hiyo zinasimamishwa nguzo mbili fupi, nazo zinakazwa kwa kabari kutoka chini, ili moja iweze kusogezwa kufuata urefu wa kazi. Kila nguzo ina ncha ya chuma, na ncha hizo mbili zinatazamana. Kipande cha mti kinashikwa katikati yao, kama punje kati ya vidole viwili. Urefu wa ncha kutoka ardhini uwe sawa na kiwiko cha anayefanya kazi akiwa amesimama. Jambo hili linadharauliwa sana, halafu watu wanalalamika mgongo.

Juu unawekwa ufito mrefu unaonepa, wa mita 3 au 4, umefungwa upande mmoja. Kutoka kwenye ncha ya ufito inashuka kamba, inazungushwa mara mbili kwenye mti unaokerezwa, halafu inakwenda chini kufungwa kwenye kikanyagio. Ukikanyaga, mti unazunguka kuja kwako. Ukiachia, ufito unavuta kamba juu na mti unarudi kinyume. Unakata wakati wa kukanyaga tu. Wakati wa kurudi unaondoa chombo kidogo, upana wa unyasi, halafu unarudia. Angalieni kamba ifungwe sawasawa: upande unaoteremka kwenye kikanyagio uwe upande wa mbele, ulio kwako. Ikiwa nyuma, mti utazunguka kinyume na chombo kitarushwa juu badala ya kukata.

Chini ya turubai hakuna nafasi ya ufito wa mita 4, hilo tunalijua. Chaneni mpira wa ndani wa baiskeli kuwa mikanda, fungeni mikanda hiyo kati ya nguzo mbili zilizosimama juu ya kerezo, na kamba ifungwe katikati yake. Inarudisha vizuri, na wengine wameipenda kuliko ufito.

Sasa vyuma, maana hivyo ndivyo vya kununua. Vya kwanza ni zile ncha mbili. Kipande cha nondo ya milimita 16, kilichochongwa kikawa na ncha kali, kinatosha. Mtie mafuta ya mawese mahali ncha inapoingia kwenye mti, na mrudie kila mara, la sivyo mti utapiga kelele, utaungua na kulegea.

Kisha patasi. Katika maduka ya mjini, na katika masanduku ya msaada pia, utakuta seti ya patasi 8 au 12. Msizinunue. Anayeanza anahitaji nne tu, na katika mwaka wa kwanza atatumia mbili sana na mbili kidogo. Ya kwanza ni bobari kubwa, yaani patasi yenye mfuo kama nusu ya bomba, upana wa sentimita 3 hivi. Hiyo inageuza gogo lenye pembe kuwa la mviringo. Ya pili ni bobari nyembamba, ya sentimita 1 hivi, ya kuchimba mabonde na mapambo. Ya tatu ni patasi bapa yenye makali ya mshazari, inayolainisha na kukata mistari. Hii ndiyo ngumu kuliko zote kujifunza, na ndiyo inayoacha mti laini kiasi kwamba msasa hauna kazi. Ya nne ni patasi nyembamba ya kukatia, inayopima kina na kutenganisha kazi iliyokwisha.

Mtu akikuuliza anunue ipi kama ana pesa ya moja tu, mwambie bobari kubwa. Lakini mwonye: bobari kubwa ni ya vitu virefu, ambavyo nyuzi za mti zinalala kutoka ncha hadi ncha. Isitumike kuchimba bakuli. Kwenye bakuli nyuzi zinakatiza, chombo kinanaswa ghafula, na shina lake jembamba linaloingia kwenye mpini linaweza kuvunjika na kumrukia mtu. Kwa hiyo bakuli lingoje mwaka wa pili, pamoja na chombo chake lenyewe.

Patasi za kawaida za seremala hazifai sana, kwa sababu mpini wake ni mfupi. Chombo cha kukereza kinahitaji mpini wa sentimita 30 hadi 40, ili mkono wa nyuma uwe na nguvu juu ya ncha. Mpini huo utaukereza mwenyewe. Ndiyo kazi ya kwanza tunayowapa wanafunzi wote, na wanaifurahia, maana jioni wanarudi nyumbani na kitu chao.

Je, inawezekana kutengeneza patasi hapa hapa? Inawezekana, na mara nyingine ni bora kuliko zile za bei rahisi za dukani, ambazo chuma chake kinapinda. Tumieni springi ya gari la zamani. Fundi chuma aikate na kuiunda, aipashe moto mpaka iwe nyekundu na sumaku isiishike tena, aizamishe katika mafuta, aisugue mpaka ing'ae, halafu aipashe tena polepole mpaka igeuke rangi ya majani makavu. Hapo aipoze. Bila huo moto wa pili, chuma kitakuwa kigumu lakini kitavunjika. Kwa sababu hiyo hiyo tunawakataza kuchonga patasi kutoka tupa ya zamani. Vijana wengi hufanya hivyo kwa kuwa tupa inapatikana bure. Tupa ni ngumu sana, lakini ni tete kama kioo, na ikivunjika juu ya mti unaozunguka, vipande vyake vinaelekea usoni.

Chombo kinachosahauliwa kuliko vyote ni jiwe la kunolea. Tulipata kuona sanduku la msaada lenye patasi 12 zinazong'aa na hakuna hata jiwe moja ndani yake. Baada ya wiki mbili zote 12 zilikuwa butu, na wanafunzi wakawa wanakwaruza mti badala ya kuukata. Nunueni kinoo chenye pande mbili, mkavu na laini, kabla ya patasi ya pili. Mkerezaji mzuri hunoa kila baada ya dakika chache. Anapiga makali mara tatu nne juu ya jiwe na kuendelea. Akingoja mpaka chombo kiwe butu kabisa, atapoteza nusu saa.

Kuna kanuni moja ya mkono ambayo, ikieleweka, hayo mengine yatafuata. Nyuma ya makali kuna mteremko, ule ulionolewa. Mteremko huo ndio ugusane na mti kwanza, chombo kikisugua tu bila kukata. Halafu inua mpini polepole mpaka uzi mwembamba wa mti uanze kutoka. Mteremko unakuwa kama mtu anayekushika mkono usianguke. Anayeanza hufanya kinyume: anasukuma ncha mbele moja kwa moja, chombo kinanaswa, mti unachimbika, na moyo unakufa.

Chombo kisishikwe hewani. Mbele ya kazi panakuwa na kiegemeo, yaani ubao uliolazwa sambamba na mti, usawa wa ncha za chuma au chini yake kidogo, ukiacha nafasi ya milimita 5 hivi. Kabla ya kukanyaga, zungusheni kazi kwa mkono duru moja kamili, mhakikishe haigongi kiegemeo.

Vyombo vya kupimia havigharimu. Bikari ya kupimia unene inakatwa kutoka debe la mafuta: midomo miwili inayotazamana, na msumari mmoja katikati. Kwa miguu minne ya kiti kimoja, tengenezeni ubao wa alama. Chukueni kipande cha mbao, mchore juu yake kila bonde na kila kifundo, na kila mguu upimwe kwa ubao huo huo. Msipime mguu wa pili kwa mguu wa kwanza, na wa tatu kwa wa pili, kwa sababu kosa hukua njiani na kiti kinachechemea.

Miwani ya kukinga macho si anasa. Kama pesa ni kidogo, inunuliwe jozi moja ibaki kwenye kerezo, na asiyeivaa asikanyage. Vitenge vinavyoning'inia, mikono mirefu ya shati, bangili na shanga vifungwe au viondolewe. Hili tunawaambia akina mama, na wanaume wanaovaa kamba za simu shingoni tunawaambia pia. Vumbi la mbao linaumiza kifua. La mvule linawasha pua na ngozi kwa watu wengi, basi kifungeni kitambaa mnaposugua msasa, na mfagie wakati mbao bado ina unyevu. Mnyaa, ule wa uzio wenye maziwa, msiukereze kamwe. Maziwa yake yakirukia jicho yanaweza kulipofusha.

Mti gani basi? Jibu linategemea mnapoishi, lakini kwa kuanza tafuteni mti mbichi, uliokatwa karibuni. Ni laini, unakatika kwa urahisi, hautoi vumbi, na mguu hauchoki. Mparachichi, ambao wengi wetu tunauita muavoka, ni mzuri kwa kujifunza. Mwembe vilevile. Mkaratusi unapatikana kila mahali Kivu na unatoa miguu imara ya viti, ila hupasuka ukikauka haraka. Upakeni ncha zake nta, rangi ya zamani au samadi, na muuweke kivulini. Libuyu na mvule ni mbao za bei. Anayeanza asiharibu mbao ya mtu.

Hapa kuna siri ya mafundi wa viti ambayo inafaa kuelezwa. Mguu wa kiti ukerezwe ukiwa na unyevu bado, lakini kile kijiti kinachounganisha miguu kikaushwe kabisa kwanza, hata wiki mbili juu ya jiko. Kisha toboeni tundu kwenye mguu na mkigonge kijiti ndani. Mguu utakapokauka utasinyaa na kukibana, nacho kijiti kikivuta unyevu wa mguu kitavimba kidogo. Kiti kinajifunga chenyewe bila msumari, na gundi si lazima. Tumekalia viti vya namna hiyo kwa miaka na havilii.

Kwa viongozi, suala la mti ni suala la amani kabla ya kuwa la ufundi. Mkimbizi hana msitu wake. Akikata, anakata kwa mwenyeji, au anaingia Hifadhi ya Virunga, iliyoundwa mwaka 1925, ambako kukata kumekatazwa na ambako watu wamekutana na mabaya mengi kuliko kukosa mti. Kerezo lina faida hapa, kwa sababu linatumia vipande vifupi. Tawi la mparachichi lililopunguzwa ili mti uzae vizuri, gogo lililobaki baada ya kupasua mbao, mkaratusi mwembamba usiofaa kwa nyumba: vyote hivyo vinatosha. Tunashauri kiongozi wa kijiji na kamati ya waliohama waketi siku moja na kuandika ni miti gani, kutoka kwa nani, na kwa malipo gani. Yaandikwe, hata kama ni kwenye daftari la mtoto wa shule. Maranda yanayobaki ni ya nani pia yaandikwe. Msicheke. Maranda yanawasha moto vizuri, na tumeona ugomvi wa kweli ukianzia hapo.

Ugomvi mwingine ni wa soko. Mahali pamoja maseremala wenyeji walikasirika waliposikia wageni wanafundishwa kazi ya mbao. Walisema, na hawakukosea, kwamba wateja wa viti katika kijiji kile hawakuwatosha hata wao. Mzee mmoja wa kijiji ndiye aliyepata njia, sisi hatukuwa nayo. Aliwauliza maseremala kazi gani inawachelewesha. Wakajibu: miguu. Wao wanaichonga kwa panga na randa, na hakuna inayofanana na mwenzake. Basi ikakubaliwa kwamba kikundi cha kukereza hakitauza viti, kitauza miguu kwa maseremala, na vitu vya jikoni kwa watu wote. Mchi na mwiko havikuwa na fundi pale. Tunakiri kwamba mapatano hayo yalivunjwa mara mbili, na mara mbili yalirudiwa. Kikundi kilichokuwa na watu wa pande zote mbili, wanawake watano kati ya kumi na mmoja, kilikuwa bado kinafanya kazi tulipopita mara ya mwisho.

Swali la nani anashika funguo limetusumbua kuliko la chombo gani kinunuliwe. Njia iliyoenda vizuri ni hii: sanduku lina kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mwenyeji na mwingine kwa mgeni, na daftari linaandikwa kila chombo kinapotoka na kinaporudi. Inachosha. Asubuhi mmoja akichelewa wote wanangoja. Lakini tangu hapo hakuna patasi iliyopotea bila jina.

Mwisho wa Januari 2025 Goma ilichukuliwa na M23, na mwezi uliofuata kambi kubwa za pembeni mwa mji, kama Bulengo, zikabaki tupu ndani ya siku chache. Watu walibeba walichoweza, kichwani, mgongoni na juu ya chukudu. Kerezo la chuma halibebeki. Kerezo la mguu liko namna nyingine: kitanda, nguzo, ufito na kikanyagio ni mbao, na mbao inaachwa. Patasi nne zilizotolewa mipini, ncha mbili, jiwe, bikari na ubao wa alama vinaingia katika mfuko mmoja, na uzito wake ni kama kilo 3. Mwenye mfuko huo, akifika anakokwenda, anahitaji mti, kamba na siku mbili.

Kwa hiyo kila kikundi kiamue mapema, siku ya utulivu, nani atabeba mfuko kama watu watakimbia, na kama kikundi kitagawanyika, nani atachukua nini. Watu wawili wenye patasi mbili mbili na ncha moja moja hawana kerezo. Tunashauri ncha za akiba, jozi moja zaidi kwa kila patasi mbili. Nondo ni rahisi kupata. Vyuma vyote vipakwe mafuta, vifungwe kila kimoja katika kitambaa chake ili makali yasigongane, na jiwe liwekwe chini kabisa, mbali na ncha.